Kusomea Lugha za Kigeni: Ni Kazi Gani Hiyo?

Ifuatayo ni mada tuliyoitoa mbele ya vijana waliomaliza kidato cha sita, pamoja na wazazi na walezi wao, katika siku ya ushauri kuhusu masomo ya juu. Tumeichapa karibu kama ilivyosemwa.

Tunajua wapo walioacha shamba na waliofunga duka ili wawe hapa leo, kwa hiyo hatutawachosha kwa utangulizi mrefu.

Tumeombwa tuzungumze juu ya kusomea lugha za kigeni chuo kikuu. Tuseme ukweli, kati ya mada zote za leo hii ndiyo ambayo wazazi wengi wangependa ipite haraka. Udaktari unajulikana. Ualimu, uhasibu na sheria vinajulikana. Lakini binti akisema nyumbani kwamba anataka kwenda kusomea Kifaransa au Kichina, baba hunyamaza kidogo, kisha huuliza, "Halafu ukimaliza utafanya kazi gani?" Mama naye huongeza kwamba wapo vijana wanaoongea Kiitaliano kama maji na hawajawahi kukanyaga chuo chochote.

Maswali yote mawili ni ya haki. Tuanze na la mama, kwa sababu ni gumu zaidi.

Ni kweli. Nendeni Malindi na Watamu kule Kenya, mtawakuta vijana wanaozungumza Kiitaliano kwa ufasaha wa kushangaza, na wamekiokota ufukweni na hotelini. Zanzibar ni hivyo hivyo. Wanaongoza wageni, wanauza vinyago, wanasomesha wadogo zao. Kama haja yetu ni kuongea na mgeni tu, basi chuo kikuu ni njia ndefu na ya gharama kubwa, na hatuoni sababu ya kuwaficha hilo. Lakini mpe kijana huyo huyo mkataba wa kurasa kumi kwa Kiitaliano, au hati ya mashtaka, au karatasi inayokuja na dawa, umwambie aitie kwa Kiswahili na mtu atatia sahihi kwa kutegemea maneno yake. Hapo ndipo tofauti inapoonekana. Mwaka wa kwanza chuoni utafundisha kuongea pia, hapana ubishi, ila hiyo siyo kazi yenyewe. Kazi yenyewe ni kusoma, kuandika, kupima uzito wa neno, na kubeba maneno ya mtu mwingine kutoka lugha moja hadi nyingine bila kuyapunguza wala kuyaongeza.

Sote tumemwona mkalimani kwenye mkutano wa mahubiri mhubiri anapokuwa mgeni. Mgeni anasema sentensi moja, mkalimani anasema tatu. Mgeni anatabasamu, mkalimani anapiga kelele na kukunja mikono ya shati. Watu wanafurahi, na pengine mahubiri yamekuwa mazuri kuliko yalivyotoka kinywani mwa mwenyewe. Hatumlaumu, maana vijana wengi wenye kipawa wameanzia hapo hapo. Ila tabia hiyo ya kuongeza chumvi ingemfukuzisha kazi siku ya kwanza katika chumba cha mahakama, na tutaeleza kwa nini kwa mfano wa hapa hapa kwetu.

Mnakumbuka kwamba baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ya mwaka 1994, Umoja wa Mataifa uliunda mahakama maalumu, na makao yake yakawa Arusha. Mahakama ile ilifanya kazi hadi mwisho wa mwaka 2015. Lugha zake rasmi zilikuwa Kiingereza na Kifaransa. Mashahidi, wengi wao watu wa vijijini, walisema Kinyarwanda. Hebu fikirini. Jaji anayetakiwa kuamua kama mtu aende kifungo cha maisha au aachiwe huru haelewi neno hata moja linalotoka kinywani mwa shahidi. Anachokisikia ni sauti ya mkalimani masikioni mwake.

Kesi iliyojulikana zaidi ni ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa kiongozi wa wilaya ya Taba. Hukumu yake ilitolewa tarehe 2 Septemba 1998, na ilikuwa mara ya kwanza kwa mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa kosa la mauaji ya kimbari. Ilikuwa pia mara ya kwanza ubakaji kutambuliwa na mahakama ya namna hiyo kuwa sehemu ya mauaji hayo. Lakini tunaloomba mliangalie ni jambo lisilosemwa sana. Ndani ya hukumu ile majaji walitenga sehemu nzima kuzungumzia lugha. Waliandika kwamba kufasiri ushahidi wa Kinyarwanda kulikuwa changamoto kubwa, wakategemea maelezo ya mtaalamu wa isimu kutoka Rwanda, Dkt. Mathias Ruzindana, kuhusu maneno kama *inyenzi*, ambalo kwa maana ya kawaida ni mende, na *ibyitso*, yaani washirika wa adui. Neno "mende" likitafsiriwa kama mdudu, hakuna kesi. Likielezwa kama lilivyotumika siku zile juu ya Watutsi, ni jambo jingine kabisa.

Kulikuwa na zito zaidi. Akina mama waliofika kueleza walivyotendewa hawakutumia neno moja. Wapo waliosema *gufata ku ngufu*, ambalo hata sisi Waswahili tunalisikia: kushika kwa nguvu. Wengine walisema *gusambanya*, au *kuryamana*, maneno ambayo mtu mwenye haraka angeweza kuyapeleka kama "kuzini" au "kulala pamoja". Ni aibu na heshima iliyowafanya wachague maneno hayo, kama mama zetu wangefanya. Wakalimani waliyapeleka kama ubakaji, na majaji ilibidi wayachunguze maneno yale moja moja pamoja na maelezo yaliyoyazunguka kabla ya kuridhika kwamba tafsiri ilikuwa sahihi. Mkalimani asiyejali angeandika "walilala pamoja", na mama aliyesafiri kutoka Taba hadi Arusha na kusimama mbele ya watu wale wote angerudi nyumbani bila kusikika.

Hiyo ndiyo kazi, baba. Tunafahamu siyo kila anayesomea lugha atakaa kwenye mahakama kama ile. Lakini mambo ya namna hiyo yanatokea kila wiki katika sehemu ndogo zaidi ambazo hazitangazwi.

Chukueni kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ambayo imepokea watu kutoka Kongo tangu mwaka 1996, na Warundi wengi kuanzia mwaka 2015. Baadhi ya Wakongo wamehamishiwa Marekani na nchi nyingine, na kabla ya kuhamishwa mtu huhojiwa, tena zaidi ya mara moja, na maelezo yake hulinganishwa. Sasa mtu akisema "ndugu yangu aliuawa Uvira", mkalimani akapeleka neno la kaka wa tumbo moja. Miezi sita baadaye, mbele ya mkalimani mwingine, yule mtu anasema marehemu alikuwa mtoto wa baba mdogo. Kwetu hakuna kilichobadilika. Kwa afisa anayeshika faili, huyu amebadili hadithi. Kijana aliyesomea kazi hii angeuliza hapo hapo, "Ndugu wa namna gani?" na angemweleza afisa kwa nini anauliza.

Tena msidhani kwamba kwa kuwa Wakongo wanasema Kiswahili basi hakuna kazi. Kiswahili cha Bukavu, Uvira na Lubumbashi kina mambo yake, na kimebeba Kifaransa kingi. Mtu wa kule akisema amekwenda kwa *munganga*, ana maana ya daktari wa hospitali. Mkalimani kutoka Dar es Salaam, au Mtanzania anayefanya kazi hiyo katika hospitali ya Marekani, anasikia mganga wa kienyeji. (Ingawa hata sisi tuna Mganga Mkuu wa Mkoa, na hakuna anayemtegemea apige ramli.) Mgonjwa anaandikiwa kwamba ametumia mitishamba wakati amechomwa sindano. Na hilo ni kosa linalotokea ndani ya Kiswahili chenyewe, kabla hata hatujafika kwenye lugha ya kigeni.

Hata saa zetu ni mtego. Madaktari kutoka China wamekuwa wakija Zanzibar tangu mwaka 1964 na Tanzania Bara tangu mwaka 1968. Mgonjwa akisema homa inapanda saa mbili usiku, anayetafsiri kwa kufuata namba atampelekea daktari saa nane ya usiku wa manane. Tofauti ni saa sita nzima. Kwenye dawa ya kunywa kwa vipindi hilo si jambo la kuchekea.

Upande wa Kiarabu, ninyi wenyewe mnawajua mabinti wanaokwenda Oman na nchi nyingine za Ghuba kufanya kazi za nyumbani. Mkataba huandikwa kwa Kiarabu. Mjini na vijijini wapo watu wengi wanaoweza kuyasoma maandishi ya Kiarabu kwa sauti nzuri kabisa, kwa sababu ya madrasa, nasi tunaiheshimu elimu hiyo. Lakini kifungu cha mkataba kinachosema nani atakaa na pasipoti, au mshahara utakatwa kiasi gani mtu akivunja mkataba, kinahitaji mtu aliyekisomea Kiarabu cha sheria na cha ofisi. Katika wilaya nyingi hayupo. Binti anatia sahihi kwa maelezo ya wakala, ambaye ndiye anayelipwa akitia sahihi.

Sasa tuje kwenye swali la baba: ajira.

Nafasi zinazosifiwa sana ni za ukalimani wa mikutano, ule wa papo kwa papo. Wakalimani hukaa ndani ya kibanda chenye kioo, kwa kawaida wawili wawili, wakipokezana kila baada ya nusu saa hivi kwa sababu akili haiwezi kubeba zaidi. Umoja wa Mataifa una lugha rasmi sita: Kiarabu, Kichina, Kiingereza, Kifaransa, Kirusi na Kihispania, na ofisi zake za Nairobi ni jirani zetu. Chuo Kikuu cha Nairobi kinafundisha ukalimani na tafsiri kwa ngazi ya uzamili. Arusha ipo Jumuiya ya Afrika Mashariki, na ipo Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Ni nafasi nzuri, ni chache, na wanaoziomba ni wengi.

Zaidi ya hizo kuna ualimu wa lugha, balozi, mashirika ya misaada, makampuni ya utalii, ya mizigo na ya ujenzi. Reli ya kisasa kutoka Dar es Salaam kwenda Morogoro ilijengwa na kampuni ya Kituruki ya Yapi Merkezi pamoja na Mota-Engil ya Ureno, na palihitajika watu wa kuwafanya fundi, msimamizi na mwanakijiji aliyepitiwa na reli waelewane. Kazi ya mkalimani wa eneo la ujenzi ni ya vumbi na kofia ngumu. Anayetaka kiti cha kuzunguka asubiri kidogo.

Mtatuuliza, lugha ipi? Hapa tutasema tunavyoona sisi, na mwenye maoni mengine atusahihishe. Kwa kijana wa Tanzania tungeweka Kifaransa mbele. Siyo kwa sababu ya Paris. Ni kwa sababu ya Bujumbura, Bukavu na Lubumbashi. Burundi na Rwanda ziliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ikaingia mwaka 2022. Shehena ya Kongo inapita bandari yetu kila siku, na karatasi zake upande wa pili wa mpaka ni za Kifaransa. Tena mwanafunzi wa Kifaransa aliyeko Kigoma yuko karibu na Bujumbura kuliko alivyo karibu na Dar es Salaam, kwa hiyo likizo moja huko itamfaa kuliko kanda nyingi za kusikiliza. Kichina kina Taasisi za Confucius katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na cha Dodoma tangu mwaka 2013, na kina waajiri. Anayekichagua ajue tu kwamba maandishi yake peke yake yanataka uvumilivu wa miaka. Kireno tunakisahau, na Msumbiji iko ng'ambo ya mto Ruvuma tu.

Lakini kabla ya lugha yoyote ya kigeni kuna Kiswahili, na hapa tunawaomba vijana mtusikilize. Kanuni ya Umoja wa Mataifa ni kwamba mkalimani kwa kawaida hufasiri kuingia kwenye lugha yake mwenyewe, ile anayoimiliki kabisa. Wa kwetu ni Kiswahili. Mwezi Julai 2004 Rais Joaquim Chissano wa Msumbiji alisimama mbele ya wakuu wa Umoja wa Afrika mjini Addis Ababa akahutubia kwa Kiswahili. Nchi za Kusini mwa Afrika, SADC, zilikifanya lugha rasmi ya nne mwaka 2019, na Umoja wa Afrika ukakipitisha kuwa lugha ya kazi mwezi Februari 2022. Milango hiyo inataka watu. Sasa kijana asiyeweza kumaliza sentensi tano bila kuchomeka Kiingereza atapita wapi? Anayechukua HKL asione kwamba ile K ni ya kujazia. Wapo pia waliokwenda kukifundisha Kiswahili katika vyuo vya ng'ambo, na BAKITA huendesha mafunzo ya kuwafundisha wageni lugha yetu. Redio za nje nazo zimeajiri watu wetu muda mrefu; Deutsche Welle ya Ujerumani ilianza idhaa ya Kiswahili mwaka 1963.

Mzazi mmoja amekwishatuuliza pembeni kuhusu mashine. Ni swali la leo hasa. Google walianza kutafsiri Kiswahili mwaka 2009, na mwanzoni tulikuwa tunaicheka. Sasa hatucheki. Barua za kawaida, matangazo na maelezo ya bidhaa zinatafsiriwa na kompyuta kwa sekunde chache, na malipo ya kazi hizo yameshuka au yamekwisha. Kijana anayeingia chuoni akitegemea kuishi kwa kutafsiri barua atakuta pengo. Kazi inayobaki ni ya kusahihisha kilichotoka kwenye mashine, ambayo inahitaji mtu anayejua zaidi ya mashine, na kazi ambayo lazima mtu aibebe kwa jina lake. Mkalimani wa mahakama hula kiapo. Kompyuta haili kiapo, na ikikosea hakuna wa kumwita arudi aeleze alichosikia. Wala haitamwona mama akiinamisha macho kabla ya kusema "tulilala".

Kwa sababu hiyo tunashauri lugha isitembee peke yake. Lugha na sheria. Lugha na afya. Lugha na hesabu za biashara, au na ualimu kwa wale wanaopenda darasa. Kijana anayejua Kifaransa na taratibu za forodha atapata kazi kabla ya anayejua Kifaransa kizuri zaidi yake lakini hajui kontena linatolewaje bandarini. Na wazazi mjue kwamba wengi katika fani hii hawana mshahara wa mwisho wa mwezi. Wanalipwa kwa siku za mkutano au kwa kurasa. Wiki moja kazi tatu, kisha miezi miwili simu haiiti. Mtu asiyejua kuweka akiba atateseka hata kama kipaji chake ni kikubwa, na tungependa hilo mlijue leo kuliko mlijue baada ya kuuza ng'ombe. Kuhusu mkopo, Bodi ya Mikopo hutoa mwongozo kila mwaka, na vipaumbele vinaweza kubadilika. Usomeni wa mwaka huu kabla ya kujaza fomu, msitegemee aliyoyapata kaka yenu.

Baada ya mazungumzo yaliulizwa maswali mengi. Mengine tutayajibu toleo lijalo. Moja haliwezi kusubiri kwa sababu ya muda wa maombi, nalo ni la mzee aliyekaa nyuma kabisa: je, binti yake anaweza kusomea Kifaransa chuoni ikiwa shuleni kwao hakikufundishwa? Jibu ni kwamba inategemea chuo. Kozi nyingine hudai uwe umefaulu lugha hiyo sekondari, nyingine huanza na wasiojua kitu. Sifa za kila kozi zimeandikwa katika mwongozo wa udahili wa TCU unaotoka kila mwaka. Tafuteni jina la kozi, msome mstari wa sifa wote mpaka mwisho, na mkikwama mlete karatasi ofisini kwetu tuisome pamoja.